Ushauri: nimwekee baba mkwe Mfaransa filamu ya Johnny English?

Ngosha wa Lille: Wakuu, nimeoa Ufaransa. Jumamosi baba mkwe anakuja kula, na watoto wameng'ang'ania tuangalie Johnny English, vichekesho vya jasusi wa Uingereza anayeboronga kila kazi, ile ya kwanza ya 2003. Naipenda, ila adui humo ni Mfaransa, Pascal Sauvage, tajiri wa magereza anayetaka taji la Uingereza ili nchi nzima aigeuze jela. Na Johnny kila akipata upenyo anawakejeli Wafaransa. Mzee mwenyewe si wa kuchekacheka. Niiweke?

Binti Pangani: Mkwe hataniwi, kaka. Babu sawa, shemeji sawa. Mkwe hapana.

Babu Reading: Mnakuza mambo. Huku Uingereza nimekaa miaka, hawa na Wafaransa ni Simba na Yanga. Anayechekwa humo ni Johnny! Anavuruga mazishi ya watu akidhani anakamata wezi. Anamshusha suruali askofu mkuu katikati ya ibada ya kumtawaza mfalme, eti anatafuta tatuu. Mwingereza anajicheka mwenyewe pale.

Kipepeo: Wasioielewa ni Wamarekani. Iliingiza kama dola milioni 160 duniani, kwao zikapatikana kama 28 tu. Sisi Rowan Atkinson, anayeigiza Johnny, tulishamzoea kwenye Mr Bean, akiinua nyusi tu tumekwisha.

Binti Pangani: Basi weka ya 2011, Reborn. Kuna kikao na waziri mkuu, kiti cha Johnny kinapanda, kinashuka, naye kakaza uso kama hakuna kitu. Hapo hahitajiki mkalimani. Na mwishoni anayekula kipigo cha sinia ni Malkia wa Uingereza, si Mfaransa. Ya 2018 usiiguse, wanaunguza mgahawa kusini mwa Ufaransa.

Babu Reading: Hapo kwenye kiti nakuunga mkono.

Ngosha wa Lille: Mrejesho, wakuu. Tuliweka ya 2011. Kwenye kiti mzee akapaliwa na divai, mke wangu akawa anampiga mgongoni. Ilipoisha, mdogo wetu akaropoka: "Babu, ya kwanza ina Mfaransa mbaya!" Mzee akasema iwekwe. Nikatoka jasho. Kejeli zote zimepita, kimya. Kilichomkera ni lafudhi ya Sauvage. "Huyu Mfaransa wa wapi?" kauliza mara tatu. Nilipomwambia ni John Malkovich, Mmarekani, akashusha pumzi na kuomba jibini.