Busta ndani ya gitaa la umeme: tuiweke au ibaki sakafuni?

Wakuu, salaam. Wapiga magitaa tukikutana hapa ndipo tunapogombania. Wapo wanaoshikilia kwamba busta, saketi ndogo ya kukuza sauti ya gitaa, ni kitu cha kukanyaga kwa mguu, na kuitia ndani ya gitaa ni kuharibu chombo. Mimi nasema wengi wetu tunaihitaji ndani, na sababu yangu si ukubwa wa sauti.

Angalieni tunavyopiga. Kanisani na kwenye kumbi nyingi hakuna amplifaya ya gitaa. Waya wa mita 10 unatoka kwenye gitaa moja kwa moja hadi kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Pikapu ya kawaida, ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, haina nguvu ya kuusukuma. Kila mita ya waya ina uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban pikofaradi 100, kwa hiyo mita 10 zinatosha kuimeza trebo, yaani sauti kali za juu. Kisha tundu la laini kwenye mikisa mara nyingi lina ukinzani wa kiloomu 10 hadi 20 tu, wakati amplifaya ya gitaa ina karibu megaomu 1. Hapo pikapu inakabwa koo. Solo ya sebene inatoka butu, fundi mitambo anapandisha trebo, spika zinaanza kupiga mluzi, na lawama anabeba mpigaji. Nimezibeba sana.

Busta ya transista moja tu ikikaa ndani ya gitaa, baada ya volyumu, kabla ya jeki, waya hauigusi pikapu tena. Hata ukiteremsha volyumu, trebo haipotei. Sauti kuongezeka ni faida ya pili.

MCHANGIAJI: Mkuu, betri ikifa katikati ya ibada utafanyaje? Na ukikuza sauti umekuza na mvumo. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alitia saketi ya fazi (ya kukwaruzisha sauti) ndani ya gitaa alilotengeneza na baba yake, baadaye akaitoa. Tundu la swichi likabaki, likazibwa kwa pambo la nyota. Ukishatoboa mbao huirudishi. Nunua pedali, busta ya kukanyaga, ikiharibika unaichomoa unaendelea.

MLETA MADA: Kuhusu mvumo nakubaliana nawe kabisa. Desibeli 20 ni volteji mara 10, na uchafu wote unapanda nao. Gitaa ambalo ndani halijafungwa foili ya shaba iliyounganishwa na nyaya za hasi, lisiwekewe busta kwanza. Anayeruka hatua hiyo atakuja kulaumu saketi bure.

Lakini pedali iko mwisho wa waya. Ikikaa miguuni pako inaokoa kipande kinachokwenda kwenye mikisa, ila ule unaotoka kwenye gitaa hadi chini bado unakula trebo. Na mpiga gitaa Eric Clapton je? Gitaa la Stratocaster la jina lake lilitoka mwaka 1988 likiwa na saketi ya kupandisha sauti za kati hadi desibeli 25, humo humo ndani.

Betri iliwahi kunifia, tena Jumapili ya kwaya ya wageni, kwa sababu ilikuwa imeshachoka na niliacha waya kwenye jeki usiku mzima. Jeki ya stereo ndiyo swichi: plagi ikiingia, hasi ya betri inaungana, ukiichomoa, umeme unakatika. Saketi ya transista moja inakula chini ya miliampea 1, kwa hiyo betri ya alkali ya volti 9 inadumu mamia ya saa ukiwa na tabia ya kuchomoa. Siku hiyo hata hivyo sikukwama. Volyumu yangu ni ya kuvuta na kubonyeza. Nilibonyeza, pikapu ikaenda moja kwa moja kwenye jeki, tukamaliza wimbo. Busta isiyo na njia hiyo ya kuirukia mimi siiungi mkono.

Na mbao usizitoboe. Fungua plastiki ya mbele, pima kama betri inaingia. Isipoingia, tafuta pedali.

Mliokwisha kufunga kwenye gitaa la Telecaster, ambalo nafasi yake ni nyembamba, betri mmeiweka wapi?