Supavaiza mmoja ana saitesheni elfu 11, mwingine 900 tu. Nimfuate nani?

mwana_Busia:
Wakuu habari za jioni. Niko Busia upande huu wa Uganda, masters ya fizikia nimemaliza, sasa natafuta pa kufanyia PhD ya plazma (gesi ambayo elektroni zimeachana na atomi zake) na nimebaki na majina mawili. Wa kwanza yuko Ulaya, mambo ya fyusheni (kuunganisha viini vya atomi kupata nishati) na tokamak, mashine yake ya sumaku, Google Scholar inaonyesha amesaitiwa, yaani pepa zake zimetajwa na watafiti wengine, mara elfu 11 na h-indeksi yake ni 52. Wa pili anafanya ionosfia, ile plazma ya huko juu angani, saitesheni 900 na kitu, h-indeksi 17. Mjomba ndiye mwenye nauli na yeye anasema hesabu iko wazi, nani anaacha ng'ombe achukue mbuzi. Lakini nilipofungua pepa za huyu wa elfu 11 majina ya waandishi yamejaa ukurasa mzima, jina lake nililitafuta kwa kidole kama mzazi anayetafuta mtoto kwenye matokeo ya PLE yaliyobandikwa ukutani. Sasa hizi namba zinapima nini hasa?

KahawaBugisu:
Anza na hiyo h. Panga pepa za mtu kuanzia iliyosaitiwa zaidi, tuseme 90, 41, 12, 9, 6, 5, 3, halafu teremka ukihesabu. Ya tano ina 6 bado iko sawa, ya sita ina 5 hapo umekwama, basi h yake ni 5. Umeona ile ya 90 haijamsaidia kitu? Ingekuwa hata na 9,000 h ingebaki 5 tu.
Aliyeileta ni Hirsch, mwanafizikia wa San Diego, mwaka 2005, na mwenyewe alisema kwa wanafizikia wa vyuo vikubwa vya Marekani 12 hivi ni ya kupewa kazi ya kudumu na 18 hivi ya uprofesa kamili. Kwa hiyo huyo wa 17 usimwite mbuzi ssebo. Ila ujue Hirsch alitumia Web of Science, orodha ya majarida yaliyochujwa, Google Scholar huwa inaokota vingi zaidi, hata tesisi na ripoti.

bodaboda_wa_sayansi:
Mjomba hoyeee 😂 mwenye nauli ndiye supavaiza

mwl_Arua:
Mwanangu, mimi nimefundisha fizikia miaka mingi, ngoja nikupe ya Alfvén. Mwaka 1942 huyu Mswidi alichapisha barua fupi tu kwenye Nature akisema ndani ya plazma yenye usumaku kuna mawimbi fulani yanaweza kusafiri. Watu hawakumwamini, walishika vitabu vyao kwamba mawimbi ya sumaku-umeme hayapiti hivyo kwenye kitu kinachopitisha umeme vizuri. Ikaenda hivyo mpaka 1948 alipotoa mhadhara Chicago, Fermi, mwanafizikia mashuhuri, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa akasema "of course" (bila shaka), basi kesho yake kila mtu naye anasema of course. Nobeli akapewa 1970. Leo kila anayeandika juu ya upepo wa jua (plazma inayotoka kwenye jua) anataja mawimbi ya Alfvén lakini ni wangapi wanaisaiti ile barua ya 1942? Jina limeshakuwa neno la kawaida, na neno la kawaida Google haimhesabii mtu.

nalongo_fizikia:
Nakubaliana na mwalimu, na niongeze habari ya muda. Tajima na Dawson waliandika 1979 kwamba leza ikipiga plazma inaweza kuburuta elektroni kwenye wimbi na kuzipa kasi kubwa sana. Leza yenyewe ya nguvu hiyo haikuwepo! Njia ya kuitengeneza ilikuja 1985 na Strickland na Mourou (ndiyo iliyowapa Nobeli 2018), na elektroni safi zenye nishati inayokaribiana zilionekana 2004, timu tatu kwa mpigo. Ungempima Dawson kwa saitesheni za miaka mitano ya kwanza ungemkosea sana.
Halafu mdogo wangu usilinganishe fyusheni na ionosfia, fyusheni ni mashine moja inalisha mamia ya watu na kila pepa wote wanaandikwa, ionosfia watu ni wachache kwa hiyo hata wa kukusaiti ni wachache. Na huku kwetu karibu na ikweta ndiko mapovu ya plazma (sehemu zenye plazma haba) yanapanda jua likishazama, ishara za GPS zinatetemeka, data ya hapa inatakiwa. Wewe fungua pepa zao za karibuni uangalie jina la kwanza ni la nani. Kama ni wanafunzi wake, huyo analea.

mwana_Busia:
Asante dada, asante mwalimu. Nimeangalia pepa kumi kumi kabla bando haijakata. Wa ionosfia sita zimeanza na jina la mwanafunzi, mmoja wao nimempata hata email amenijibu usiku huohuo. Wa elfu 11 majina yamepangwa kwa alfabeti, sikujua nihesabu nini. Sasa kazi iliyobaki ni mjomba, anakuja Jumamosi.

bodaboda_wa_sayansi:
Mwambie of course 😂