Pikipiki ya stima: naweza ongeza taa na spika bila kuharibu betri?

KayoleRider: Wasee habari, nimehama petroli, sasa niko na ya stima ile ya kubadilisha betri, kazi ni Kayole mpaka tao na kurudi. Inavuta poa hata kwa mlima lakini iko kimya sana hadi watu wanavuka mbele yangu bila kuangalia, so nataka taa za LED, spika na keria kubwa. Fundi anataka kuunga waya moja kwa moja kwa betri. Ni sawa?

WayaSafi: Usikubali kabisa! Betri za hizi pikipiki nyingi ni volti 72, taa na spika za boda ni volti 12, zitaungua hapo hapo na waya inaweza shika moto chini ya kiti. Iko konvata inashusha volti, ndiyo inawasha taa na honi, chukua hapo na uweke fyuzi. LED mbili hazina shida, spika kubwa ndiyo itailemea. Na betri usiifungue, hiyo ni mali ya kampuni.

MamaMikate: Keria weka, lakini mzigo usikae nyuma ya tairi, usukani unakuwa mwepesi na kwa mvua utateleza. Sanduku pana pia linakula chaji ukikimbia, juu ya upepo.

KayoleRider: Asanteni sana. Konvata iko wapi?

WayaSafi: Fuata waya ya honi utaipata, mara nyingi iko karibu na kontrola, ile boksi inaongoza mota. Toa betri kwanza kabla uguse kitu!