Naomba ushauri: sindano ya goti na mbio zilizo karibu

Mkimbiaji wa Iten: Wanajukwaa, salaam. Goti langu lilivimba baada ya mazoezi ya mlimani, nikadungwa sindano katika duka la dawa mjini Eldoret, na sasa nakimbia bila maumivu. Wiki tatu zijazo nina marathoni Ulaya, na zawadi yake ingemaliza karo ya wadogo zangu. Je, dawa ya maumivu hukaa mwilini kwa muda gani?

Mama wa Nandi: Mwanangu, tamaa mbele, mauti nyuma. Mkimbiaji wetu Rita Jeptoo alishinda marathoni za Boston na Chicago mwaka 2014, kisha akapatikana na EPO, homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu, na mataji yote mawili yakafutwa.

Mzee wa Kijiti: Enzi zetu tulitegemea mursik, maziwa yetu ya mgando. Siku moja afisa wa vipimo alinikodolea macho msalani hadi mkojo ukagoma, na basi la timu likaniacha.

Mfamasia Kisumu: Dawa hiyo inaitwaje, na ulidungwa wapi?

Mkimbiaji wa Iten: Triamcinolone, takoni, wiki iliyopita. Lakini hiyo ni tiba, si EPO, na mhudumu ameahidi kunitafutia barua ya hospitali yenye tarehe ya nyuma. Tiketi nimekwisha kukatiwa.

Mfamasia Kisumu: Kumbe hilo ndilo ulilotuficha. Tangu mwaka 2022, sindano zote za glukokotikoidi, kundi la dawa za kupunguza uvimbe ambamo triamcinolone imo, zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, na kwa triamcinolone iliyodungwa msulini, ambayo hutoka mwilini polepole mno, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, inashauri zipite siku 60. Maabara huitambua katika mkojo hata ikiwa kidogo sana. Barua ya kughushi ni kosa jingine, lenye adhabu yake.

Jicho Pevu la Kitale: Subirini kwanza. Januari mwandishi huyu alijitambulisha hapa kuwa mwendesha bodaboda mwenye kesi ya shamba. Marathoni ameanza lini?

Mkimbiaji wa Iten: Huyo ni kaka yangu, akaunti tunaitumia sote. Mhudumu anasema barua hizo hazikaguliwi.

Mfamasia Kisumu: Hukaguliwa, na hospitali huulizwa. Wasiliana na ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo, kuhusu kibali cha matumizi ya dawa kwa matibabu, ingawa bila rekodi za kweli za daktari ni vigumu kukipata. La sivyo, mwambie wakala wako leo kwamba hutakimbia.

Jicho Pevu la Kitale: Wakala yupi? Atutajie kwanza marathoni yenyewe.