Klova kwa robo eka ya kichanga, Misungwi: udongo uandaliwe vipi?

Ng'ombe_Wawili: Wakuu, shamba ni robo eka, udongo wa luseni (kichanga), magugu ya ndago yamejaa. Nataka klova nyeupe ya kulishia ng'ombe wa maziwa. Niandaeje udongo, na mbegu kiasi gani?

Malisho_Kanda_ya_Ziwa: Klova nyeupe iache, mkuu. Hiyo ni ya baridi, kama Njombe au Kitulo. Mizizi yake iko juujuu, na luseni ya Mwanza kuanzia Juni hadi Septemba itaimaliza. Weka desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde. Kiangazi itapukutisha majani, ila ikishashika vizuri huchipua mvua zikirudi. Ukiipanda kati ya mistari ya mahindi inapunguza hata kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi.

Lima mara mbili, wiki tatu zipite katikati. Mara ya kwanza ndago wachipue, ya pili uwang'oe na vitunguu vyao. Ukiwakatakata kwa jembe tu umewazidisha. Kisha sawazisha mpaka udongo uwe laini, maana mbegu ni ndogo sana na ikifukiwa zaidi ya sentimita 1 haitoki. Hapo ndipo wengi wanapolaumu muuza mbegu. Gramu 250 zinatosha robo eka. Changanya na mchanga mkavu, mwaga kwenye mistari ya sentimita 50, fukia kwa tawi la mti. Subiri mvua za Novemba zishike vizuri kwanza.

Samadi_Mbivu: Naongeza mbolea. Jamii ya kunde inataka fosforasi: TSP (mbolea ya fosforasi ya dukani) kilo 10 kwa robo eka hiyo, kwenye mfereji. Urea usiweke, utalisha magugu na vinundu vya mizizini, vyenye bakteria wa kutengeneza naitrojeni, vitazembea. Wiki ya nane chimbua mche mmoja, pasua kinundu. Chekundu ndani, kinafanya kazi. Cheupe au kijani, bakteria hawafanyi kazi; leta ndoo mbili za udongo kutoka shamba la zamani la desmodiamu, unyunyize mistarini jioni na ufukie, jua huwaua.

Ng'ombe_Wawili: Nikitumia Minjingu (mbolea ya mawe ya fosfeti) badala ya TSP, na chokaa juu yake?

Samadi_Mbivu: Chagua moja. Minjingu huyeyushwa na tindikali ya udongo. Chokaa inaiondoa tindikali hiyo, fosforasi inabaki imelala. Pima pH (kipimo cha tindikali; ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi) kwanza, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kiko hapo hapo wilayani kwako. Ikiwa chini ya 5.5, Minjingu inafaa. Ikizidi 6, rudi kwenye TSP.

Malisho_Kanda_ya_Ziwa: Palizi ndiyo roho ya shamba hili. Miezi mitatu ya kwanza desmodiamu inakua polepole mno, palilia angalau mara mbili, kwa mkono karibu na mche. Kata mara ya kwanza mistari ikishafungana, kama mwezi wa nne, ubakize sentimita 15. Ukikwangua hadi chini unaondoa macho ya kuchipulia. Baadaye kila wiki 6 hadi 8 wakati wa mvua, na Mei ukate kwa mara ya mwisho ili iingie kiangazi na majani. Usiingize ng'ombe shambani, wanakanyaga mashina. Kata, nyausha kidogo, changanya fungu moja kwa mawili ya mabingobingo (majani ya tembo). Tofauti na klova au lusani, hii haijazi tumbo gesi.