Tupeane uzoefu: Mwalimu alipowatoa darasani mkasomea porini, pwani au shambani, yalikukuta yapi?

Kizibo_Cha_Soda:
Wakuu, habari za Jumapili. Juzi nilimpeleka mwanangu shule, darasa la kwanza, nikakuta vizibo vya soda vimetungwa kwenye waya, watoto wanahesabia. Nilidhani mambo hayo yaliisha na sisi wa vijiti, ambao ukivisahau nyumbani unachapwa kwanza ndipo unafundishwa kujumlisha. Kuna vipindi vimeniganda kichwani hadi leo kwa sababu tu tulisomea nje. Nani mwingine? Walimu mliomo humu msijifiche.

Mama_Wawili:
Vijiti vyangu vilikuwa vya mabua ya mtama, kaka yangu akavitafuna njiani. Nikafika darasani na viwili.

Mkaa_Pwani:
Mimi wa visiwani. Jiografia, mada ya maji kupwa na kujaa. Kitabuni kuna mchoro wa jua, mwezi na dunia, tunautazama tu. Mwalimu wetu, mtu wa bara, alipoona tunasinzia akatupeleka pwani. Tukamkuta mzee anakalafati dau lake. Mwalimu akamwamkia, akamwambia, "Mzee wangu, nisaidie kuwafundisha hawa."

Mzee hata hakuinua kichwa. Akasema bamvua huja mwezi ukiandama na tena ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, ndiyo siku wanawake wanakwenda mbali kutafuta pweza. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, usijisumbue. Na maji ya leo yatachelewa kuliko ya jana, kama dakika 50 hivi. Mwalimu akachukua kijiti akachora mchangani: siku za bamvua jua, mwezi na dunia viko mstari mmoja, jua na mwezi vinavuta kwa pamoja. Mwezi wa nusu, kila kimoja kinavutia upande wake.

Nilishangaa. Yote hayo tulikuwa tunayajua tangu wadogo, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ndiyo yale ya kitabuni.

Ticha_wa_Kata:
Kemia hapa. Karatasi za litmasi, zile za kupimia asidi na besi, sijaziona tangu niripoti kituoni. Nachemsha choya kavu, yale maua ya kutengenezea juisi, yanatoka maji mekundu. Tia ndimu, wekundu unakolea. Tia maji ya magadi au ya majivu, yanageuka rangi ya kijani chafu, darasa zima linapiga kelele. Tatizo moja, nikitoka kidogo wananikunywea maabara. Siku moja nimerudi nakuta mmoja ameshaleta sukari.

Jembe_Mkononi:
Mnasifia tu. Kwetu "kujifunza kwa mazingira" maana yake kuni za mwalimu, maji ya mwalimu, palizi ya mahindi ya mwalimu. Ijumaa nzima. Nilijifunza nini? Mgongo kuuma.

Mzee_Kobe:
Kijana, usichanganye. Elimu ya Kujitegemea aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967 ilitaka shamba liwe la shule, na wanafunzi washiriki kupanga na waone mapato yanakwenda wapi. Sisi tuliuza alizeti tukanunua mipira na jezi.

Jembe_Mkononi:
Mzee wangu, shikamoo. Karatasi ilisema vizuri sana. Mimi naongelea jembe.

Mzee_Kobe:
Marahaba. Basi mlaumu mwalimu wako, usilaumu shamba.

Wa_Kaunti:
Huku Kenya tangu CBC, ule mtaala wa umilisi, ianze ni sisi wazazi tunaosoma. Mwalimu anaandika "mtoto atumie vifaa vya mazingira yake", kumbe saa mbili usiku natafuta saiba iliyo wazi nichapishe picha ya ng'ombe, tena ya rangi. Ng'ombe mwenyewe yuko zizini ananitazama! Juzi nimeshona sanamu ya kufukuza ndege kwa suruali yangu nzuri. Mtoto alikuwa amelala.

Mama_Wawili:
😂😂 suruali!

Chini_ya_Mbuyu:
Ngoja niwape yangu. Kidato cha pili, hisabati, pembetatu zinazofanana. Mwalimu akasema leo tunapima mbuyu bila kuupanda. Saa nne asubuhi tukatoka. Tukasimamisha fimbo ya mita 1, kivuli chake sentimita 80. Kivuli cha mbuyu, tukakipima kwa kamba, mita 12. Gawanya, zidisha, mbuyu mita 15. Kila mtu ameelewa, hata wale wa nyuma.

Sasa kuna jamaa yetu mmoja mbishi. Akasema hesabu za kivuli ni za kwenye makaratasi, yeye atapanda na kamba ahakiki. Mwalimu anasema shuka, mwenzetu ameshafika kwenye panda. Pale kwenye panda kuna tundu. Mbuyu mkubwa wenye tundu, nyie watu wa vijijini mnajua kinachokaa humo.

Nilisikia mvumo tu. Jamaa hakushuka, alidondoka. Nyuki wakatushukia kama wametumwa. Mwalimu alikuwa mnene, hana mbio, siku ile alinipita mimi na dada mkuu. Wengine walijifungia ofisi ya mkuu wa shule na nyuki wao humohumo. Mmoja akaruka kwenye lambo la ng'ombe. Mbishi alipelekwa zahanati kwa baiskeli, uso umejaa hadi macho hayaonekani, mkono umeteguka.

Kesho yake mwalimu kaingia darasani mdomo umevimba, hawezi kutamka vizuri. Akaandika ubaoni lile swali la mbuyu tena. Darasa zima tukapata.

Ticha_wa_Kata:
Duh. Na wazazi?

Chini_ya_Mbuyu:
Walikuja. Baada ya hapo tulipimia mlingoti wa bendera.

Mpima_Viwanja:
Bahati yenu ilikuwa saa nne. Mngejaribu Dodoma mwanzoni mwa Oktoba, saa sita na nusu mchana, fimbo haina kivuli kabisa, jua liko utosini.

Jembe_Mkononi:
Watu wameumwa na nyuki, huyu anasahihisha saa.

Mama_Wawili:
Nyuki dawa yake mafuta ya taa.

Mkaa_Pwani:
Mafuta ya taa wapi! Kwangua mwiba haraka kwa ukucha, basi. Na usiruke majini, wanakusubiri uibuke.

Mzee_Kobe:
Kitunguu.

Kizibo_Cha_Soda:
Wakuu turudi kwenye mada. Walimu, ukitaka kuwatoa watoto nje unaanzaje? Barua kwa wazazi?

Ticha_wa_Kata:
Nenda mwenyewe siku moja kabla, kagua. Barua kama mnavuka geti. Ndani ya eneo la shule mwambie tu mkuu.

Jembe_Mkononi:
Usimwambie mkuu. Atakwambia mpite shambani kwake mkirudi.

Ticha_wa_Mlimani:
Samahani nimechelewa. Choya huku kwetu Njombe siioni sokoni. Kuna mbadala? Nina kipindi Jumatano.

Ticha_wa_Kata:
Chuma haibiskasi nyekundu, zile za kwenye fensi. Ponda petali, mwagia maji ya moto, chuja. Tumia siku hiyohiyo, kesho yake inafifia.