Kuruti simu kuukuu: KingRoot, Kingo, Magisk au adb?

Mwana_Likoni: Assalaam aleikum. Nina Galaxy J2 Prime, Android 6, memori ya ndani GB 8. Imejaa programu zilizokuja nayo, hazifutiki, na WhatsApp kila siku yalilia nafasi. Kijana mmoja Mwembe Tayari asema niweke KingRoot iiruti, nibonyeze mara moja basi. Wengine wanipigia debe Kingo, wengine Magisk. Ipi bora? Laini ya M-Pesa imo humo humo.

Fundi_DigoRoad: Wa aleikum salaam ndugu yangu. Hilo la M-Pesa ndilo kubwa. Programu za kubonyeza mara moja hutafuta kasoro ya kerneli, kiini cha mfumo wa simu, ambayo haijazibwa, zikapenya humo mpaka zikapata mamlaka ya juu kabisa, ndiyo ruti yenyewe. Programu ya Towelroot ya George Hotz, 2014, ilipitia kasoro ya futex, sehemu ya kerneli. Dirty COW, kasoro nyingine ya kerneli iliyotangazwa Oktoba 2016, ilitumika vivyo hivyo. Simu ikikubali kurutiwa kwa njia hiyo, mlango uko wazi kwa programu nyingine yoyote mbovu.

KingRoot na Kingo simwekei mteja. Huteremsha mbinu kutoka seva zao kulingana na aina ya simu, ndiyo maana zataka bando, nawe huoni kilichoingia. KingRoot ikimaliza huacha meneja wake, na yeye ndiye anayeamua nani apewe ruti. Kumng'oa ni shughuli.

Kaka_Bamburi: Mimi nilirutia Tecno yangu kwa Kingo na haijanisumbua.

Fundi_DigoRoad: Kaka, mwenye ruti husoma SMS zako zote bila kukuomba ruhusa, na skrini haioneshi chochote. Kutosumbuliwa si ushahidi. Hiyo Tecno ina laini ya benki?

Kaka_Bamburi: Haina. Ni ya watoto kuchezea gemu.

Bi_Mtopanga: Wanangu, mimi ni wakala, wateja hunijia na simu zinazofungua matangazo zenyewe. Nikiwaambia warudishe simu upya, yarudi yale yale. Kwa nini?

Fundi_DigoRoad: Shikamoo mama. Virusi vikipata ruti hujipandikiza kwenye sehemu ya mfumo, na kurudisha simu upya hufuta data ya mtumiaji tu. Gooligan, programu ya virusi iliyofichuliwa na kampuni ya usalama Check Point Novemba 2016, iliruti simu za Android 4 na 5 kwa Towelroot na VROOT, ikaiba tokeni, yaani funguo za kuingilia, za akaunti za Google zaidi ya milioni moja. Dawa ilikuwa kuflashi, yaani kuandika upya mfumo mzima.

Bi_Mtopanga: Marahaba mwanangu. Nitawaleta kwako.

Dada_Nyali: Magisk ni mbali na hizo. Haipenyi kasoro, wewe mwenyewe wafungua butiloda, programu ndogo inayoanzisha mfumo simu ikiwaka, kisha wabadilisha faili ya kuwashia simu, na msimbo wake uko wazi kila mtu ausome. Lakini kufungua butiloda hufuta kila kitu, na programu nyingi za benki zikigundua ruti hukataa kufunguka.

Tena, Mwana Likoni, kwa shida yako hata ruti haifai kitu. Programu za kiwandani hukaa sehemu ya mfumo, iliyotengwa na hifadhi yako. Ukizifuta kwa ruti, nafasi hiyo haiji kwenye WhatsApp. Kinachokula GB 8 zako ni masasisho na data yake. Masasisho yaondoe kwanza kwenye mipangilio ya simu, kisha programu na data yake hutoka bila ruti kwa adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kompyuta. Washa utatuzi wa USB (USB debugging) kwenye simu, unganisha kompyuta, andika `adb shell pm list packages` upate majina, kisha `adb shell pm uninstall --user 0` na jina la programu. Ukikosea, kurudisha simu upya huirejesha.

Mwana_Likoni: Ahsante sana dada. Kebo ninayo, kompyuta nitaazima Ganjoni. Nikianza na kalenda na zile za habari, sitaharibu?

Dada_Nyali: Hizo toa. Usiguse `com.android.systemui` wala `com.android.phone`, utakosa hata kupiga simu. Na picha za WhatsApp zihamishie memori kadi kwanza, huenda usihitaji kutoa nyingi.